Kuhamia Nje kwa Mtaji wa Biashara: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wenye biashara zao, ambao hawatafuti ajira ughaibuni bali wanataka kuhama na mtaji wao. Karibu wote wanaanza na swali la kiasi: nchi fulani inataka fedha ngapi? Kiasi kina nafasi yake na tutakitaja. Lakini ombi la mwekezaji huangukia zaidi mahali pengine: mwombaji anashindwa kuonyesha fedha zake zilipita njia gani hadi kufika mkononi mwake, au anapeleka biashara ambayo haitamlisha mtu mwingine zaidi yake. Ndiyo maana jibu la barua ya pili ni refu kuliko mengine.

Nina dola 150,000 na nataka kufungua kampuni ya kusafisha maofisi Marekani. Mmoja ananiambia niombe EB-5, mwingine E-2. Ipi inanifaa?
*Mfanyabiashara wa usafi*

Kabla ya kuhesabu fedha, tazama pasipoti yako. E-2, viza ya muda ya mwekezaji, hutolewa tu kwa raia wa nchi zenye mkataba wa biashara na Marekani. Barani Afrika zimo Misri, Moroko, Tunisia, Ethiopia, Senegali, Togo, Liberia, Kameruni na Kongo zote mbili. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Kinachoangaliwa ni uraia, si makazi: raia wa Ethiopia anayeishi Kenya anaweza kuomba, Mkenya jirani yake hawezi. Na usishawishike kununua uraia wa kisiwa fulani ili upite mlango huo haraka. Tangu Desemba 2022, aliyepata uraia wa nchi ya mkataba kwa njia ya uwekezaji lazima awe ameishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuomba E-2.

EB-5, njia ya mwekezaji kupata ukaazi wa Marekani, kwa mtaji wako haipo mezani. Kima chake ni dola 1,050,000, au dola 800,000 kama mradi uko kijijini, kwenye eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira, au ni wa miundombinu ya umma. Juu ya hapo unatakiwa kuzalisha ajira 10 za saa zisizopungua 35 kwa wiki. Wewe, mwenzi wako na watoto wako hamuhesabiwi.

Kama uraia wako unakubalika, biashara ya usafi ni ya aina ambayo E-2 inaifahamu vizuri. Sheria haijataja kima cha chini. Ofisa anapima uwiano kati ya ulichoweka na gharama halisi ya kuianzisha biashara ile, na biashara ikiwa ndogo, uwiano unatakiwa kuwa mkubwa zaidi. Ikigharimu dola 120,000 kusimama na wewe umeweka zote, uko pazuri. Ikigharimu 600,000 na umeweka 150,000, utapata shida. Lazima umiliki angalau asilimia 50 au uwe na udhibiti wa uendeshaji. Mkopo uliowekewa dhamana ya mali za kampuni hiyohiyo hauhesabiwi kama mtaji wako. Uliowekewa dhamana ya nyumba yako binafsi unahesabiwa.

Kosa la kawaida hapa ni kuingiza dola 150,000 kwenye akaunti ya kampuni na kuziacha zilale. Fedha iliyolala haijawekezwa. Ofisa anataka kuona mashine za kusugua sakafu zilizolipiwa, gari, bima, amana ya pango, mikataba na wateja. Kiasi kidogo kinaweza kubaki kwa ajili ya uendeshaji, kisiwe ndicho sehemu kubwa. Kisha anauliza: je, biashara hii itazalisha zaidi ya riziki ya mwenyewe na familia yake, sasa au ndani ya miaka 5? Mpango wenye wewe peke yako na ndoo mbili hautapita, hata kama fedha ni safi.

Kama uraia wako haumo, fikiria L-1A, viza ya meneja anayehamishiwa tawi la kampuni yake Marekani, ikiwa kampuni uliyonayo nyumbani ni hai na umeiendesha kama meneja kwa mwaka 1 mfululizo ndani ya miaka 3 iliyopita. Unafungua tawi Marekani na unapewa mwaka 1 wa kulisimamisha. Wengi wanaanguka wakati wa kuongeza muda, kwa sababu mwaka umepita na meneja bado ndiye anayepiga deki mwenyewe. Viza ile ni ya kuongoza watu au idara. Kwa hiyo ajiri mapema, hata kama inauma, na usiifunge kampuni ya nyumbani, maana ikifa, na L-1A imekufa.

Mtaji wangu umetokana na kiwanja nilichouza, akiba ya duka, na mchango wa kaka yangu. Zote ziko benki. Wakili anaendelea kuniomba karatasi. Taarifa ya benki haitoshi?
*Mwenye duka la vipuri*

Haitoshi, na wakili wako anafanya kazi yake. Taarifa ya benki inasema fedha zipo. Ofisa anataka kujua zilitoka wapi, zilipita kwa nani, na kama kila aliyezigusa alizipata kihalali. Tuchukue vyanzo vyako kimoja kimoja.

Kiwanja. Unahitaji hati miliki yenye jina lako, mkataba wa mauziano, uthibitisho wa kodi iliyolipwa kwenye mauzo, na taarifa ya benki inayoonyesha mnunuzi akikulipa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye mkataba. Hapo ndipo penye mtego. Watu huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi, kisha benki ikapokea bei ya kweli. Tofauti hiyo haina maelezo mazuri mbele ya ofisa. Pia utaulizwa ulikinunua kwa fedha gani. Kama ni urithi, leta hati za mirathi.

Duka. Leseni, ritani za kodi na hesabu za mwaka. Kwa EB-5 jiandae kuonyesha rekodi za kodi za miaka 7 iliyopita. Kisha fanya hesabu mwenyewe kabla ofisa hajaifanya. Chukua mfano: umetangaza faida ya dola 12,000 kwa mwaka kwa miaka 5, jumla 60,000. Matumizi ya nyumbani ni 7,000 kwa mwaka, jumla 35,000. Kinachobaki ni 25,000. Kama kwenye fomu umeandika akiba ya duka ni 45,000, kuna 20,000 isiyo na mzazi. Usiitafutie hadithi. Una njia mbili za halali: kurekebisha ritani kwa mamlaka ya kodi na kulipa unachodaiwa, ukitunza risiti, au kuiacha hiyo 20,000 nje ya ombi na kuziba pengo kwa chanzo kingine chenye karatasi.

Mchango wa kaka. Barua ya zawadi iseme wazi kiasi, tarehe, na kwamba hategemei kurudishiwa. Na hapo kazi ndiyo inaanza, kwa kuwa sasa kaka naye anatakiwa kuonyesha alikozipata: ritani zake, mishahara yake, taarifa zake za benki. Kama kwenye familia mmekubaliana utamrudishia, huo ni mkopo, uandikwe mkopo. Kuita mkopo zawadi ni uongo kwenye ombi la uhamiaji, na uongo wa namna hiyo unaweza kukufungia mlango kwa maombi ya baadaye pia.

Baada ya kukusanya yote, tengeneza karatasi moja ya mbele tunayoiita ramani ya fedha. Iwe na safu tano: tarehe, kiasi, kutoka kwa nani, kwenda akaunti gani, na namba ya kiambatisho. Mstari mmoja unasomeka hivi: 14 Machi, 62,000, mnunuzi wa kiwanja, akaunti yangu ya akiba, kiambatisho 7. Unaofuata: 20 Machi, 62,000, akaunti yangu ya akiba, akaunti ya kampuni mpya, kiambatisho 8. Kila mstari uanzie pale uliopita ulipoishia. Ukikuta mstari unaoanza hewani, umepata pengo lako kabla ya kuoneshwa na ofisa.

Mapengo mengine tunayoyaona mara kwa mara:

Fedha taslimu. Mnunuzi alilipa kwa mafungu mkononi na wewe ukaweka benki kidogo kidogo. Hapa utahitaji risiti ulizompa, kiapo chake, taarifa yake ya benki inayoonyesha alizitoa, na stakabadhi zako za kuweka. Inawezekana, ila ni kazi ngumu. Kama bado hujauza, sisitiza malipo yapite benki hadi benki.

Kuvusha fedha. Nchi yako ikiwa na masharti ya fedha za kigeni, kishawishi ni kumpa mtu fedha hapa naye akutolee dola kule. Ukifanya hivyo, ofisa atataka kujua dola za yule mtu zilitoka wapi pia, na mara nyingi yule hatakubali kufungua vitabu vyake. Benki ni ghali na ina foleni, lakini inakupa karatasi.

Majina. Pasipoti ina majina matatu, hati ya kiwanja ina mawili, na benki wameandika herufi moja tofauti. Kwa macho yako ni mtu mmoja, kwa faili ni watu watatu. Pata kiapo cha majina mapema, kabla ya kutafsiri chochote, na uhakikishe kinataja kila tahajia iliyomo kwenye hati zako.

Tafsiri nazo zina utaratibu. Marekani inataka mtafsiri atie saini kwamba tafsiri ni kamili na kwamba anazimudu lugha hizo. Hati za serikali huweza kuhitaji muhuri wa apostili, unaothibitisha hati ili itumike nchi nyingine, wa Mkataba wa Hague wa 1961, na kama nchi yako haimo, uthibitisho kupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Uliza kwanza kama nchi unayokwenda inauhitaji, usije ukalipia bure.

Nina saluni tatu zinazofanya vizuri. Nataka kufungua ya nne Uingereza kwa viza ya Innovator Founder. Nasikia siku hizi haina kima cha mtaji.
*Mama wa saluni*

Dada yetu, hongera kwa kazi hiyo. Ni kweli viza hii ya waanzilishi wa biashara bunifu ilipoanza tarehe 13 Aprili 2023 iliondoa sharti la zamani la pauni 50,000. Lakini kilichobaki ni kigumu kuliko fedha: wazo liwe jipya, liweze kusimama, na liweze kukua, na lipitishwe na taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Saluni nzuri, hata iwe nzuri namna gani, haitahesabiwa kuwa wazo jipya. Ukipeleka mpango wa saluni utalipa pauni 1,000 za kukaguliwa na kurudishiwa jibu la hapana.

Kinachoweza kupita ni kitu ulichokibuni ndani ya kazi hiyo: kwa mfano dawa ya nywele uliyoitengeneza na kuifanyia majaribio, au mfumo wa miadi na akiba ya bidhaa ambao saluni nyingine zinaweza kuununua. Taasisi itauliza kwa nini wewe, kwa nini sasa, nani ameshajaribu, na wateja wa kwanza ni akina nani. Jibu la "soko ni kubwa" halimridhishi mtu. Majina ya saluni kumi zilizokwisha kujaribu bidhaa yako, na zilichosema, yanaridhisha.

Utahitaji Kiingereza cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani, na pauni 1,270 za kujikimu zilizokaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, mbali na za wategemezi. Salio likishuka chini ya hapo hata siku moja, siku 28 zinaanza upya. Ukishafika, utakutana na taasisi ile angalau mara mbili, karibu na miezi 12 na miezi 24, kwa pauni 500 kila kikao.

Baada ya miaka 3 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu ukitimiza vigezo viwili kati ya saba. Miongoni mwa hivyo: pauni 50,000 zilizowekezwa na kutumika kweli kwenye biashara; mapato ya pauni milioni 1 kwa mwaka; ajira 10 za muda kamili; au ajira 5 zenye mshahara wa wastani wa pauni 25,000. Chagua viwili vyako tangu mwezi wa kwanza na upange matumizi kuvielekea. Na hesabu siku zako nje ya nchi, zisizidi 180 ndani ya miezi 12 yoyote. Mwenye saluni tatu za kusimamia nyumbani huvuka kikomo hicho bila kujua.

Kama unachotaka ni saluni yenyewe, tazama nchi zinazopima faida kwa mahali badala ya upya wa wazo. Ujerumani, chini ya kifungu cha 21 cha sheria yake ya ukaazi, haina kima cha mtaji. Inaangalia mahitaji ya eneo, uzoefu wako na uhakika wa fedha. Mwenye zaidi ya miaka 45 hutakiwa kuonyesha maandalizi ya kutosha ya uzeeni. Huko pia utakutana na sheria za ufundi: kazi ya kinyozi inahitaji sifa zinazotambulika, kwa hiyo anza na utambuzi wa ujuzi wako kabla ya kutafuta chumba.

Mwenye jengo anataka nisaini pango la miaka mitano sasa hivi, na viza bado. Nifanyeje?
*Mpishi*

Usisaini kama lilivyo. Omba kifungu kinachosema mkataba utaanza kufanya kazi viza ikitolewa, na kwamba ikikataliwa unavunjika na amana inarudi. Wenye majengo wengi hukubali ukiongeza ada ndogo ya kushikiliwa chumba. Asipokubali, omba muda mfupi wenye haki ya kuongeza.

Kwa fedha za kununua biashara au vifaa, ziweke kwenye akaunti ya amana inayoshikiliwa na wakili au mtu wa tatu, kwa sharti kwamba zitamfikia muuzaji viza ikishatolewa. Kwa E-2 mpango huo unakubaliwa kuwa fedha zimefungwa kwenye biashara, mradi sharti pekee la kuziachilia ni viza. Ukijiachia haki ya kuzirudisha kwa sababu nyingine, zitaonekana hazijafungwa.

Kwa viza ya kutembea ya kibiashara, kwa kawaida unaweza kukagua majengo, kujadiliana na kusaini mikataba. Kuingia jikoni ukapika na kuuza huwezi, hata kwa siku moja ya majaribio.

Binti yangu ana miaka 19. Atahesabiwa?
*Baba wa watatu*

Kwa Marekani, mtoto ni asiye na ndoa na aliye chini ya miaka 21. Kwenye E-2 akitimiza 21 anatoka kwenye viza yako na anahitaji yake, kwa mfano ya masomo. Kwenye EB-5 kuna nafuu: muda ambao ombi la kwanza lilikuwa linashughulikiwa unapunguzwa kwenye umri wake. Kwa hiyo tarehe ya kuwasilisha ina uzito mkubwa kwako. Uingereza inataka mtoto awe chini ya miaka 18 anapoomba kwa mara ya kwanza kama mtegemezi wako. Kwa umri wa binti yako, mpangie njia yake mwenyewe sambamba na yako.

Wakala anasema viwango vya EB-5 vinapanda, nilipe upesi, na ananihakikishia kwa maandishi kwamba mtaji utarudi wote baada ya miaka mitano.
*Mhandisi mstaafu*

Mzee wetu, nusu ya maneno hayo ni kweli. Sheria ya Marekani ya Machi 2022 inasema viwango vitarekebishwa kufuata mfumuko wa bei kuanzia 1 Januari 2027. Pia imeweka kinga kwa waliowasilisha maombi kupitia vituo vya kanda (kampuni zilizoidhinishwa kukusanya mitaji ya wawekezaji wengi kwenye mradi mmoja) kabla ya mwisho wa Septemba 2026: maombi yao yataendelea kushughulikiwa hata mpango wa vituo hivyo usipoongezewa muda. Haraka ina msingi.

Nusu ya pili ndiyo itakayokuua. EB-5 inataka mtaji uwe katika hatari ya kupata au kupoteza. Hakikisho la maandishi kwamba utarudishiwa wote linaugeuza kuwa mkopo, na ombi linakataliwa kwa karatasi hiyohiyo anayokuonyesha kwa fahari. Mradi wa kweli hukwambia atakayelipwa kabla yako ni nani, benki imeweka kiasi gani, ajira ngapi zimeshazalishwa, na nini kitatokea jengo likichelewa. Omba hati za toleo, yaani zinazoeleza mradi na masharti ya uwekezaji, mpe wakili ambaye hana kamisheni kwenye mradi huo, na umlipe wewe mwenyewe.

Mchunguze pia huyo anayekushauri. Marekani, ushauri wa sheria za uhamiaji ni wa mawakili na wawakilishi walioidhinishwa. Uingereza mshauri asiye wakili lazima awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji. Orodha ziko wazi mtandaoni, na namba ya usajili inaangaliwa kwa dakika chache. Mwenye kukataa kukupa namba yake ameshajibu.

Jambo la kubadilika kwa sheria lichukulie kwa uzito. Uingereza ilifunga viza ya wawekezaji tarehe 17 Februari 2022, Ireland ikafunga yake Februari 2023, Ureno ikaondoa njia ya kupata ukaazi kwa kununua nyumba mwaka huohuo, Hispania ikafuta viza yake ya dhahabu, yaani ya wawekezaji, tarehe 3 Aprili 2025. Japani, Oktoba 2025, ilipandisha mtaji wa viza ya meneja wa biashara kutoka yeni milioni 5 hadi milioni 30. Kanada mwaka 2014 iliufuta mpango wake wa wawekezaji pamoja na maombi yaliyokuwa kwenye foleni. Kwa hiyo usiuze nyumba unayoishi kwa kutegemea kwamba kanuni ya leo itakuwepo faili lako litakapofikiwa.

Nikishafika na biashara ikaanguka?
*Mshonaji*

Inategemea ulichobeba. E-2 inaishi na biashara, na ikifungwa, sababu ya kukaa imekwisha. Unaweza kuanzisha au kununua nyingine, lakini ni ombi jipya. Innovator Founder inategemea taasisi iliyokupitisha. Ikiondoa idhini yake, serikali inaweza kufupisha viza yako. Mabadiliko ya mwelekeo yanaruhusiwa ukiyapeleka kwao mapema, na taabu huanza pale wanapoyagundua kwenye kikao.

EB-5 hukupa ukaazi wa masharti wa miaka 2, na ombi la kuondoa masharti linawasilishwa ndani ya siku 90 kabla miaka hiyo haijaisha. Hapo hupimwi kwa faida. Unapimwa kama mtaji uliwekwa kweli na kama ajira 10 zilizalishwa. Biashara iliyopata hasara inaweza kupita, na yenye faida isiyo na rekodi za wafanyakazi ikashindwa. Kwa hiyo tunza tangu siku ya kwanza orodha za mishahara za kila mwezi, fomu za kila mfanyakazi za kuthibitisha haki ya kufanya kazi, na ritani za kodi za mishahara za kila robo mwaka. Nakala zikae nje ya ofisi, kwa mhasibu au mahali pengine salama, kwa sababu kampuni ikifungwa vurugu huanza na makabati ya faili.